Wakuu Wawili na Muuguzi Mmoja

Niliwaacha wiki jana pale Daktari Yaseen, bingwa wetu pekee wa figo, alipofunga mkoba akaenda zake Uarabuni, nami nikakabidhiwa ukaimu wa kitengo.

Kaimu mkuu wa kitengo cha figo! Jina tamu hilo, msinicheke. Nilimpigia mamangu simu, akapiga kigelegele hadi majirani wakaja kuuliza Raiya anaolewa na nani.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Bado nina watoto wa kusomesha. Jueni tu kwamba iko pwani hii hii yetu, na mtu ambaye figo zake zimekufa huja kwetu akalala kitandani, damu yake ikatoka kwa mpira, ikapita kwenye mashine, ikasafishwa, ikarudishwa mwilini. Akikosa kuja, huanza kuvimba uso. Akizidi kukosa, huzikwa.

Basi nilipokalia kile kiti, nikageuka kutazama watu ninaowaongoza. Priscilla, mwenzangu wa miaka, alikuwa amehamishiwa kwa kina mama wanaojifungua. Wengine walipelekwa kwenye chanjo, na mmoja alipelekwa mahali ambapo hata yeye mwenyewe hakuelezwa. Nilibaki mkuu wa nafsi yangu.

Nikaenda kwa Daktari Maina, mkuu wa hospitali nzima. Ni mtu mpole, hapendi kelele, na hapendi kumwambia mtu yeyote hapana. Ndiyo maana mambo yake yote hayaendi.

"Daktari, siwezi peke yangu. Niongezee mtu."

"Sista Raiya, nimekusikia. Kesho utapata mtu."

Na kweli, wallahi, kesho yake alikuja na mtu. Kanzu nyeupe kama maziwa, udi unatangulia mlangoni kabla yake.

"Huyu ni Bwana Farjallah," akasema Daktari Maina.

"Alhamdulillahi! Karibu, ndugu yangu. Ni muuguzi?"

"La," akasema Bwana Farjallah, akiweka mkono kifuani. "Mimi ni mkuu."

"Mkuu wa nini?"

"Wa hapa."

Nikamtazama Daktari Maina. Daktari Maina akatazama dari.

Bwana Farjallah, mwana wa watu wenye mashamba toka mjini hadi huko mbele, alikuwa amesomea uongozi. Si uongozi wa hospitali, uongozi tu. Damu hakuwahi kuiona isipokuwa siku ya Idi, na hata siku hiyo, alikiri mwenyewe, yeye huwa ndani anapangusa sahani.

Ukaimu wangu ukafa hivyo, bila hata arubaini. Mamangu sikumwambia.

Sikukasirika sana. Nilijisemea, angalau sasa yuko mtu wa kupiga kelele huko juu tuletewe wauguzi. Nikampikia kahawa.

Kabla kahawa haijapoa, mlango ukafunguliwa. Akaingia bwana mwingine, suti ya kijivu, viatu vimejaa vumbi jekundu la bara.

"Hamjambo. Naitwa Mwaringa. Ofisi ya mkuu wa kitengo ni hii?"

"Ndiyo hii," akasema Farjallah kwa tabasamu. "Nikusaidie nini, bwana?"

"Unisaidie kiti. Umekalia changu."

Hapo ndipo yalipofichuka. Wazee wa bara walikuwa wamekwenda makao makuu kulalamika kwamba kila cheo kinakwenda kwa watoto wa mjini. Makao makuu wakawaridhisha kwa kumteua Mwaringa, aliyekuwa mkaguzi wa vyoo vya masoko. Nao wa mjini walikuwa wamekwisharidhishwa kwa Farjallah. Wote wawili wameteuliwa, wote wawili halali. Kiti kimoja.

"Kwa heshima na taadhima, Bwana Mwaringa," Farjallah akaanza, "mimi nimetangulia."

"Umetangulia kukaa. Hukutangulia kuteuliwa."

"Babangu alitoa ardhi ya..."

"Ardhi ya nani? Tusianze hapo, bwana. Tukianza hapo hatutamaliza leo."

Daktari Maina akaitwa. Alikuja, akakuna kidevu, akatoa hukumu ambayo ningependa niisimulie mbele ya majaji.

"Bwana Farjallah atakuwa mkuu wa wagonjwa. Bwana Mwaringa atakuwa mkuu wa mashine."

Nikauliza, "Na mgonjwa akishaunganishwa na mashine?"

"Hapo mtashauriana."

Kitandani, Mwalimu Thoya aliangua kicheko. Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa Ngomeni, amekuwa mgonjwa wetu tangu kitengo kifunguliwe. Hana figo, lakini ulimi anao.

"Kwa hiyo mimi ni wa nani, Daktari? Mkono wangu ni wa Bwana Farjallah, mpira uliochomekwa ni wa Bwana Mwaringa. Na damu je, ikiwa katikati ya njia?"

Daktari Maina akasema ana mkutano.

Kiti cha pili kilinunuliwa upesi ajabu. Muuguzi wa pili hakupatikana. Bajeti, waliniambia. Wakuu wangu wawili wakakaa wanatazamana meza moja, kila mmoja akinituma kinyume cha mwenzake. Huyu anataka mashuka meupe, yule anataka ya buluu. Huyu mlango ufungwe, yule ufunguliwe. Mimi katikati nachoma sindano, napima presha, nafuta matapishi, naitwa na wote wawili kwa wakati mmoja niamue feni ielekee wapi.

Mmoja tu katika hospitali ile ndiye aliyekuwa akinionea huruma. Katana, mhudumu wa chumba cha maiti, mtu mzima mpole wa sauti ya chini. Akipita na toroli lake tupu husimama mlangoni.

"Pore, mwanangu," husema, kwa lafudhi yake ya kwao Kaloleni. "Kazi yangu nyepesi kuliko yako. Wangu hawaniiti."

Sasa sikilizeni yaliyonifika.

Ikatangazwa kwamba mheshimiwa mmoja mkubwa wa afya anakuja kukitembelea kitengo. Anataka kuona, kwa macho yake, kama malalamiko ya upungufu wa wauguzi ni ya kweli.

Nikashukuru Mungu. Nikasema, sasa ataona. Atamwona muuguzi mmoja na vitanda sita, mwenyewe aseme.

Sikuwajua wakuu wangu.

Kwa mara ya kwanza tangu waje, Farjallah na Mwaringa walikubaliana. Niliwakuta wameinamisha vichwa pamoja wanacheka kama maharusi.

"Sista Raiya," akasema Farjallah, "hatuwezi kumwonyesha mgeni aibu ya nyumba."

"Aibu ndiyo aliyoifuata, bwana."

"Mgeni huonyeshwa sebule," akasema Mwaringa. "Haonyeshwi choo. Mimi nimekagua vyoo, najua."

Asubuhi ya ziara nilifungua mlango wa kitengo changu, nikadhani nimekosea jengo. Wauguzi watano wamesimama mstari mmoja, sare mpya, barakoa usoni, soksi nyeupe.

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikawakimbilia kuwapa mikono. "Karibuni! Jamani karibuni! Mmetoka hospitali gani?"

Wa kwanza akashusha barakoa. Ni mama mpishi wa jikoni. Wa pili mkata nyasi. Wa tatu na wa nne ni dada wawili wa kufua mashuka. Wa tano, mrefu, kainamisha kichwa kwa haya, sare imembana mabegani.

"Katana! Na wewe?"

"Nimeambiwa, mwanangu," akanong'ona. "Nimeambiwa nisimame, nitikise kichwa, nisiseme."

Nikawageukia wakuu. "Hawa wataua mtu!"

"Nani kakwambia watagusa mtu?" Farjallah akanijibu. "Ni wa kutazamwa tu."

Wagonjwa walikuwa wameambiwa waje mapema, lakini wasiunganishwe mpaka mgeni akaribie, ili aone mashine zinazunguka. Mgeni akachelewa. Saa zikapita. Mwaringa akapiga marufuku chakula, chumba kisinuke. Everlyne, binti wa Muyeye anayekaanga viazi vya karai barabarani, alikuwa na mkate wake na chai ndani ya chupa. Akanyang'anywa.

"Sista, nasikia kizunguzungu," aliniambia.

Nikaenda kuchukua mkate wake. Nikamkuta Mwaringa anaumalizia.

Hatimaye simu ikaja kwamba magari yamepita daraja. Wakuu wakapiga kelele pamoja: "Unganisha! Unganisha!" Nikamwunganisha Everlyne, nikamwunganisha Mwalimu Thoya, nikawaunganisha na wengine mbio mbio. Nilipotafuta vyuma vya kuning'inizia dripu, sikuviona hata kimoja. Vilikuwa vimetolewa nje, vimesimamishwa viwili viwili, vimeshikilia bango: KARIBU MHESHIMIWA.

"Haya, toka nje," Farjallah akaniamuru. "Tupange mstari wa kumpokea."

"Siwaachi wagonjwa kwenye mashine."

"Wauguzi watano wamo ndani!"

"Bwana Farjallah, muogope Mungu."

Daktari Maina akachungulia mlangoni, jasho linamtoka. "Sista, tafadhali. Dakika mbili. Wewe ndiye unajua majina ya vitu. Atauliza maswali."

Nikamtazama Katana. "Kaa hapa katikati. Usiguse kitu. Mtu akibadilika uso, niite."

"Vidzo, mwanangu. Vyema."

Nikatoka. Nikasimama juani kati ya wakuu wangu wawili, nikapiga makofi kama mtoto wa shule. Mheshimiwa akashuka, tumbo mbele, watu wake nyuma. Bwana Farjallah, kwa kuonyesha usafi, akawagawia wageni wote makoti meupe na barakoa. Kisha akaanza hotuba. Farjallah akianza na salamu, mpaka afike kwenye jambo lenyewe, maiti ataoza.

Alikuwa bado kwenye "wageni waalikwa" nilipoisikia mashine ikilia ndani.

Na sauti ya Katana, aliyeambiwa asiseme: "Mwanangu! Mwanangu njoo!"

Nilikimbia. Everlyne alikuwa mweupe kama shuka, macho yamegeuka, presha imemporomoka. Mama mpishi alikuwa analia kwenye pembe. Mkata nyasi alikuwa ameshatoka kwa dirisha.

Nilipunguza mashine, nikalaza kitanda. "Katana, miguu! Iinue juu ya kichwa chake!"

Akaiinua, taratibu, kama anavyoshika wake kila siku. "Pore, pore," akawa anamwimbia.

Nikaufungua mfuko wa maji ya chumvi yaende moja kwa moja kwenye mpira wa damu. Chuma cha kuuning'iniza hakuna, kimeshika bango. Nyuma yangu watu wamejaa mlangoni, wote makoti meupe, wote barakoa. Nikamvuta wa karibu kwa kola.

"Shika mfuko huu! Juu! Juu zaidi, we baba, mbona mkono umelegea kama kamba mbichi? Ukiushusha nakuvunja kidole!"

Akaushika. Akaunyanyua juu ya kichwa.

"Umekula nini wewe hata tumbo linaingia kwenye mashine? Rudi nyuma! Mkono juu!"

Akarudi nyuma, mkono juu.

Maji yakaingia. Rangi ikaanza kumrudia Everlyne, midomo kwanza, kisha mashavu. Akafumbua macho, akakohoa, akatapika. Yote yakaenda kwenye viatu vya yule baba.

"Alhamdulillahi," nikasema, nikajifuta jasho. "Sasa unaweza kushusha mkono. Wewe ni wa idara gani?"

Akavua barakoa.



"Mimi," akasema mheshimiwa, "ndiye niliyewekewa bango."

Farjallah akaruka mbele. "Astaghfirullahi! Mheshimiwa, huyu dada ni mgonjwa wa hasira. Tumemvumilia sana."

"Mimi nilisema tangu zamani ahamishwe," akadakia Mwaringa.

"Mheshimiwa," nikasema, "niwie radhi kwa maneno yangu. Sikukujua. Lakini ukweli ni kwamba muuguzi hapa ni mimi tu. Hawa wote..."

"Nimewaona wauguzi watano!"

"Si wauguzi! Huyu ni mpishi. Huyu hapa, aliyeshika miguu, ni wa chumba cha maiti!"

Mheshimiwa akamgeukia Katana, akamtazama juu mpaka chini. Katana alikuwa bado ameshika miguu ya Everlyne, hajaambiwa aiweke.

"Huyu? Huyu aliyetulia hivi? Watu wote mlipiga kelele, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na adabu mbele ya mgonjwa. Na wewe unamtukana kwamba ni wa maiti?"

Mwalimu Thoya akajiinua kitandani kwake. "Mheshimiwa, anayosema Sista ni kweli tupu. Mimi nimesomesha watu miaka arubaini, sisemi uongo. Huyo Katana ni wa mochari. Alimtoa marehemu mke wangu kwa mikono hiyo hiyo."

Farjallah akainama kwenye sikio la mheshimiwa, akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote. "Figo zikifa, sumu hupanda kichwani. Maskini mzee. Alikuwa mtu wa maana."

Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa huzuni. Akamwendea Mwalimu, akampigapiga begani. "Pole, mzee wangu. Utapona."

Mwalimu Thoya akavuta shuka, akajifunika uso.

"Daktari Maina," mheshimiwa akaita, "huyu mwanamke simtaki hapa. Na huyu bwana mrefu ndiye msimamizi wa chumba hiki kuanzia sasa. Watu kama hawa ndio mnawaficha nyuma!"

Nilimtazama Daktari Maina. Neno moja tu lilihitajika. Mtu anayejua kila kitu, aliyeniona nikila chakula cha mchana nimesimama mwezi mzima.

Akakuna kidevu.

"Sista Raiya," akasema, "nenda nyumbani kidogo, upumzike. Tutakuita."

"Daktari, wagonjwa sita wako kwenye mashine! Nani atawatoa?"

"Hilo ni la mashine," akasema Farjallah. "Bwana Mwaringa."

"Kutolewa ni kwa mgonjwa," akasema Mwaringa. "Bwana Farjallah."

Wakamwangalia Katana. Katana akaniangalia mimi, macho yamemtoka.

Askari wawili wakanishika viwiko, kwa heshima, maana mmoja niliwahi kumwuguza mamake. Everlyne alinyoosha mkono, akashika kitambaa cha sare yangu. Wakamwachilisha kidole kimoja kimoja. Nikapitishwa chini ya bango, nikatolewa nje, lango likafungwa.

"Nisamehe, dadangu," akasema yule askari kupitia vyuma. "Nimeagizwa usirudi."

"Kuna watu watakufa humo ndani!"

"Nimeagizwa."

Nikamsihi. Nikamwapia. Nikamkumbusha mamake. Akageuka akatazama upande wa pili, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikajaribu kuukwea ukuta, sare ikanasa, nikadondoka. Wauza madafu ng'ambo ya barabara wakasimama kutazama.

Simu yangu ikalia. Katana.

"Mwanangu," akanong'ona, "mashine ya Mwalimu inalia. Imewaka taa nyekundu. Na damu kwenye mpira, naona kama imesimama."

"Wageni wako wapi?"

"Wanakunywa soda."

"Nisikilize vizuri. Mpira wake umejikunja? Tazama chini ya mkono wake."

"Natazama... Naam. Ameulalia."

"Msogeze mkono taratibu, uunyooshe. Usibonyeze kitu chochote. Umenisikia? Kitu chochote!"

"Vidzo. Namsogeza... Ngoja. Ngoja, mwanangu. Wamekuja."

"Nani?"

"Wakuu."

Nikaisikia mashine ikilia kwenye simu, na juu yake sauti ya Farjallah: "Mgonjwa ni wangu, nitabonyeza mimi!" Na ya Mwaringa: "Mashine ni yangu, ondoa mkono wako!" Nikapiga kelele, "Katana, wazuie! Washike mikono! Wasibonyeze!" Wauza madafu wakadhani nimerukwa na akili.

Kikasikika kishindo. Kitu kikaanguka. Mtu akapiga yowe.

Kisha kukawa kimya.

"Katana? Katana!"

 Nilimsikia tu akipumua.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "kumenyamaza."

"Nini kimenyamaza, Katana? Mashine au Mwalimu?"

Simu ikakatika.